Bima ya Safari Moja

Neno "bima" halikuzaliwa katika pwani yetu. Lilivuka bahari pamoja na wafanya biashara wa Kihindi waliokuja Lamu, Mombasa na Unguja kwa pepo za kaskazi, nao watu wa Bara Hindi walilipata katika lugha ya Kiajemi, ambamo "bim" maana yake ni hofu. Basi tangu asili yake neno hili limechukua habari ya mtu asimamaye ufukoni akilitazama tanga linavyopotea machoni, na moyo wake una hofu, kwa kuwa mali yake imo ndani ya chombo kile. Leo mwanafunzi wa Nairobi au Kisumu hulisikia neno lilo hilo katika vituo vya matatu, wala hafikiri ya kuwa limesafiri mbali namna hiyo.

Watu wengi hudhani kuwa bima ya gari ni ya mwaka mzima kwa asili yake, na ya kwamba ile ya mwezi mmoja au ya majuma machache, inunuliwayo na mtu asiye na fedha za mwaka, ni uzushi wa siku hizi. Mambo yalivyo ni kinyume. Bima ya muda mfupi ndiyo mkubwa, na ya mwaka ni mdogo wake.

Mkataba mmoja wa zamani sana miongoni mwa mikataba ya bima iliyohifadhiwa hata leo uliandikwa katika mji wa Genoa, Italia, tarehe 23 Oktoba, 1347. Merikebu iliyoandikiwa mkataba huo iliitwa Santa Clara, nayo ilikuwa yaenda kisiwa cha Majorca. Kwa kuwa kanisa lilikataza riba, mkataba ule ulivikwa vazi la mkopo: mtu mmoja alikiri kuwa amekopeshwa fedha na mwenziwe, na deni lile lingefutika mara merikebu ikifika salama. Isipofika, hulipa. Tazama basi hofu iliyouzwa pale. Haikuwa hofu ya mwaka. Ilikuwa hofu ya safari moja, kutoka bandari hii mpaka bandari ile, na merikebu ilipotia nanga kazi ya bima ilikwisha.

Kabla ya hapo mabaharia walikuwa na njia nyingine ya kugawana hasara. Sheria iliyohesabiwa kuwa ya watu wa Rhodes, nayo Warumi wakaihifadhi katika vitabu vyao vya sheria, ilisema ya kuwa shehena ya mtu mmoja ikitoswa baharini ili chombo kisizame, wenye shehena zilizookoka humlipa kila mmoja kwa kadiri ya mali yake. Haki hiyo haihitaji kampuni wala karani. Lakini yategemea watu wanaojuana, walio katika chombo kimoja. Bima ilipokuja iliwaunganisha watu wasiojuana kabisa.

Jijini London, katika miaka ya 1680, mtu aliyeitwa Edward Lloyd alikuwa na mkahawa uliopendwa na wakuu wa merikebu. Wenye fedha walikutana pale, na mwenye merikebu akipeleka karatasi yenye jina la chombo na safari yake, kila tajiri akitia sahihi chini ya mwenziwe, akionyesha sehemu ya hatari atakayoichukua. Yule Lloyd mwenyewe hakuwa mwenye kutoa bima. Alikuwa mwuza kahawa. Walakini jina lake lingali juu ya soko kubwa la bima mpaka leo, jambo linaloonyesha kuwa historia haina haja ya kumwuliza mtu kabla ya kumpa utukufu. Uingereza ilipoziandika sheria hizi za bahari katika mwaka wa 1906, ilitaja bima za namna mbili, ya safari na ya muda. Na sheria ile ilipotungwa, bima ya muda haikuruhusiwa kupita miezi 12. Kwa hiyo mwaka mmoja ulikuwa ni ukomo wa urefu, si kipimo cha chini.

Wakati huo motokaa zilikwisha kuingia duniani. Tarehe 17 Agosti, 1896, mwanamke mmoja, Bridget Driscoll, aligongwa na motokaa alipokuwa akitembea katika bustani ya Crystal Palace, London, akafa. Yeye huhesabiwa kuwa mtu wa kwanza nchini Uingereza aliyekwenda kwa miguu akauawa na gari la namna hiyo. Hapo hofu iligeuka sura. Mwenye Santa Clara aliogopea mali yake mwenyewe, lakini mwenye motokaa huweza kumdhuru mtu mwingine kabisa, asiye na hisa katika safari ile, asiyepanda wala kupakia kitu. Katika mikataba ya bima, mwenye gari ni mtu wa kwanza, kampuni ni wa pili. Na yule mpita njia huitwa mtu wa tatu. Ndiye mtu muhimu kuliko wote katika habari hii, ingawa hana sahihi yake mahali popote.

Kwa miaka mingi, aliyegongwa na mtu maskini hakupata kitu, hata kama mahakama ilimpa haki. Hukumu haiponyi mguu uliovunjika ikiwa mwenye kuhukumiwa hana mali. Jimbo la Massachusetts katika Marekani liliwalazimisha wenye magari kuwa na bima tangu 1927. New Zealand ilipitisha sheria yake mwaka wa 1928. Uingereza ilifuata mwaka wa 1930, wakati ambapo barabara zake zilikuwa zinaua watu zaidi ya 7000 kila mwaka. Sheria hiyo ya 1930 ilikataza mtu yeyote kuendesha gari barabarani asipokuwa na bima ya kumlinda mtu wa tatu. Haikusema, hata hivyo, kuwa bima hiyo lazima iwe ya mwaka. Tena ilikubali hati ndogo ya muda, ile atoayo wakala huku karatasi kubwa ikingojewa, ihesabiwe kuwa ni bima kamili. Mlango mdogo uliachwa wazi, na kwa mlango huo huo bima ya muda mfupi, iliyotoka baharini, iliingia barabarani.

Katika Kenya serikali ya kikoloni iliiga sheria ile katika miaka ya 1940, nasi twaitumia hata leo, ijapokuwa imerekebishwa mara kadhaa. Ndiyo Sura ya 405 katika sheria zetu. Ina jambo moja lifaalo kujulikana na kila mtu aendaye kwa miguu. Aliyeumizwa akipata hukumu mahakamani, na bima ilikuwa hai siku ya ajali, kampuni hulazimika kumlipa hata kama ina ugomvi wake na mwenye gari. Italipa kwanza, kisha wakateteane wao kwa wao. Lakini taratibu hiyo yote imeshikwa na maneno matano: bima ilikuwa hai siku ile.

Sasa tuje kwa matatu. Jina lake, kama wengi wajuavyo, latokana na nauli ya zamani ya senti thelathini, yaani vipande vitatu vya senti kumi. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu gari hizi kubeba abiria bila leseni zilizokuwa zikidaiwa hapo mbele, zikaongezeka upesi. Mwenye matatu hapati mshahara mwisho wa mwezi. Jioni dereva na utingo humletea fedha za siku ile, na katika fedha hizo hutoa mafuta, matairi, fundi, na ada ya shule ya watoto. Kumwambia mtu huyo alete malipo ya bima ya mwaka mzima kwa mara moja ni kumwambia asimamishe kazi. Ndipo kampuni zikaanza kumwuzia kwa mwezi, naye akashukuru. Siku hizi wenye gari ndogo za nyumbani nao hununua hivyo hivyo, hasa mwezi wa Januari, mifuko itobokapo.

Lakini je, ni rahisi kweli? Hapa yafaa tuchukue kalamu. Tuseme bima ya gari fulani ni shilingi 36,000 kwa mwaka. Ukigawa kwa 12 wapata 3000. Kampuni haitakuuzia mwezi kwa 3000. Tuseme itataka 4000. Mwenye kununua mwezi baada ya mwezi atakuwa amelipa 48,000 mwaka ukiisha, yaani 12,000 zaidi ya jirani yake aliyekuwa na fedha mkononi mwezi wa kwanza. Hesabu hii ni ya mfano tu, ila ndivyo mambo yaendavyo. Mama anunuaye unga kwa kibaba kila jioni hulipa zaidi kuliko anunuaye gunia.

Kampuni nayo ina hoja zake, wala si zote za ulafi. Kuandika hati ya mwezi humchukua karani muda ule ule wa kuandika hati ya mwaka. Tena mtu akiruhusiwa kuchagua mwezi wake, atachagua ule atakaosafiri sana, mathalani Desemba, na katika miezi ambayo gari limelala hatalipa kitu. Basi kampuni huuza siku za hatari peke yake. Kwa sababu hiyo nasema kuwa bima ya muda mfupi humfaa yule ambaye gari lake kweli latembea kwa muda mfupi: mwanafunzi arudiye nyumbani likizo akaazimwa gari la mjomba wake, au mtu auzaye gari ndani ya mwezi ule. Anayeendesha kila siku, akijinyima kidogo kidogo hata akalipa miezi sita pamoja, atapata nafuu. Na mwenye kutafuta nafuu aulize bei kwa mawakala watatu au wanne kabla ya kutoa shilingi, kisha ahakikishe kuwa kampuni yenyewe ina kibali cha Mamlaka ya Kusimamia Bima.

Ubaya mkubwa wa bima ya mwezi si bei. Ni kwamba hufa mara 12 kwa mwaka. Miaka michache iliyopita, katika chuo cha ualimu nifundishako, nilikuwa na mwanafunzi ambaye baba yake aliuza viatu vya mitumba kando ya barabara kuu. Asubuhi moja ya Jumatatu matatu iliacha njia ikamkuta penye turubai lake. Mzee yule alipona, walakini hakusimama tena bila magongo. Ilipochunguzwa hati ya bima, ilionekana kuwa muda wake ulikwisha usiku wa Jumamosi. Mwenye gari alikuwa amekusudia kulipa Jumatatu ile ile, baada ya kukusanya fedha za asubuhi. Alisema hivyo huku akilia, nami nilimwamini. Gari liliuzwa, deni la benki likala fedha zote. Kijana alikaa muhula mmoja nyumbani, akiuza viatu mahali pa baba yake. Aliporudi darasani nilikuwa nikifundisha habari za Genoa na biashara ya Bahari ya Kati, akaniuliza, "Mwalimu, ile merikebu ingezama siku moja baada ya mkataba kwisha, nani angelipa?" Nilimjibu kama kitabu kinavyojibu, ya kuwa kila mtu angebeba hasara yake. Baadaye niliona haya, kwa maana wenye merikebu walijua tarehe yao, lakini baba yake hakuwa na njia ya kuijua.

Uingereza iliona pengo hilo zamani. Mwaka wa 1946 makampuni yake ya bima yaliunda ofisi moja ya pamoja ya kuwalipa walioumizwa na madereva wasio na bima, na gharama yake hubebwa na wote walio nayo. Kwetu uko mfuko wa kuwafidia watu ambao kampuni ya bima imewafilisikia, nao ulihitajika sana. Kampuni ya United Insurance, iliyokuwa na matatu nyingi, iliwekwa chini ya msimamizi wa serikali mwaka wa 2005, na Blue Shield ikafuata mwaka wa 2011. Watu waliokwisha kushinda kesi zao wakabaki na hukumu mikononi. Bei iliyoshuka mno nayo yaweza kuwa dalili ya ugonjwa. Lakini mfuko wa kampuni zilizofilisika haumfai yule aliyegongwa na gari ambalo bima yake ilikufa usiku wa Jumamosi. Kwa maoni yangu, ikiwa sheria yaruhusu hati za mwezi, na ni haki iziruhusu, ingefaa kila hati ya namna hiyo itoe shilingi chache za kumtunza mtu huyo.

Mambo kadhaa yametengenezwa. Siku hizi hati hutolewa kwa kompyuta, na askari wa usalama barabarani aweza kuihakiki kwa simu, hata zile za bandia zimepata shida kupita. Mwenye kuvuka mpaka kwenda Uganda au Rwanda hununua Kadi ya Manjano ya nchi za COMESA, iliyoanza katika miaka ya 1980, nayo humlinda mtu wa tatu ng'ambo kama amlindavyo nyumbani.

Nenda bandarini Mombasa siku ambayo meli imeshusha magari kutoka Japani. Utawaona madereva wa kukodiwa wakingoja langoni, wengine wa kwenda Nairobi, kilomita zipatazo 480, wengine wa kwenda mbali zaidi, mpaka Malaba na kuvuka. Gari halijapata namba yake ya kudumu, na mwenyewe bado hajaliona. Dereva hupewa ufunguo, fedha za mafuta, na hati ya bima ya siku chache tu, yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Huisoma tarehe ile ya pili, akahesabu saa kwa vidole, kisha akawasha gari.