Sauti ya Saa Tisa Usiku

Sikutoka chuo kwa kishindo. Karo ya muhula ilikosekana, nikasema nitarudi muhula ujao. Muhula ujao ukafika na mimi bado niko Githurai, kwa keja ya binamu yangu, nikiandikia watu makala za pesa kidogo. Mchana nilikuwa sawa. Shida ilikuwa saa tisa usiku. Ningeamka kifua kimebana, moyo unagonga kama mtu aliye mlangoni kwa mabati, na kichwa kinahesabu: madeni, umri, wenzangu waliovaa joho.

Rafiki akaniambia nipakue apu ya meditesheni. Kulikuwa na sauti ya mwanamume, Kiingereza cha ng'ambo, polepole, ikiniambia nipumue na nijione niko ufuoni mwa bahari. Usiku wa kwanza nililala. Usiku wa nane sauti haikuja. Badala yake kulikuwa na ujumbe: muda wa bure umeisha, lipia. Nilicheka peke yangu gizani, halafu nikakasirika. Huyu ni nani aliyenizoesha wiki nzima kisha akanidai? Hasira hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kutafuta sauti hii ilitoka wapi.

Nilidhani ningeishia California. Niliishia Burma, nchi tunayoiita Myanmar leo, mwaka wa 1885.

Novemba ya mwaka huo wanajeshi wa Uingereza waliingia Mandalay, wakamtoa Mfalme Thibaw na kumpeleka uhamishoni India. Ilikuwa miaka 10 kabla ya Waingereza haohao kutangaza himaya yao huku kwetu. Kwa Waburma, mfalme ndiye aliyekuwa mlinzi wa dini ya Kibuddha. Akiondoka, nani ataitunza? Mtawa mmoja, Ledi Sayadaw, alikuwa na jibu: watu wa kawaida. Hadi wakati huo kutafakari kwa kina kulionekana kuwa kazi ya watawa, na hata miongoni mwao si wengi waliokufanya. Yeye aliandika vitabu kwa Kiburma rahisi na kuzunguka nchini akifundisha wakulima, wafanyabiashara na akina mama. Kwa hiyo hii kitu unayofanya kitandani na earphone masikioni iliingia mikononi mwa raia kwa sababu ya ukoloni. Ilikuwa njia ya kuokoa kilichobaki.

Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa mkulima wa mpunga, Saya Thetgyi. Kipindupindu kiliingia kijijini kwake kikawaua wanawe. Hakupata amani tena. Aliondoka nyumbani akatafuta walimu kwa miaka, na hatimaye Ledi Sayadaw akamruhusu afundishe wengine ingawa hakuwa mtawa. Nilisoma hapo mara mbili. Mwanzoni mwa mnyororo huu wote kuna baba aliyezika watoto.

Mwaka wa 1937 karani wa serikali, U Ba Khin, alipanda treni kumfuata mkulima huyo. Mwaka wa 1948, Burma ilipopata uhuru, karani huyo akawa Mhasibu Mkuu wa serikali. Alitenga chumba ofisini ili wafanyakazi wake watafakari. Hebu wazia hilo katika ofisi ya serikali unayoijua wewe.

Kisha mwaka wa 1955 akaja S. N. Goenka, mfanyabiashara tajiri wa familia ya Kihindi iliyohamia Burma. Alikuwa na kipandauso kikali hadi akawa anadungwa mofini. Alikuwa amezunguka Uswisi, Ujerumani, Uingereza, Marekani na Japani akitafuta daktari, na akarudi na kichwa kilekile. Alipomwambia U Ba Khin kwamba anataka kuponywa kichwa, mwalimu alimkatalia. Alimwambia mafunzo haya si dawa ya kichwa. Ni ya kusafisha akili, na kichwa kikipona njiani, sawa.

Goenka mwenyewe alisitasita. Alikuwa Mhindu wa familia iliyoshika dini, akaogopa kwamba anavutwa aache imani yake. Baadaye alikubali kukaa siku 10, na hakuhitaji mofini tena. Mwaka wa 1969 alikwenda India kuwafundisha wazazi wake, na kozi zikaenea kuliko alivyoweza kuzifikia kwa miguu yake. Ndipo sauti yake ikaanza kurekodiwa. Hadi leo, ingawa alifariki mwaka wa 2013, wanafunzi huketi siku 10 bila kuongea wakisikiliza maelekezo yake. Hakuna ada. Aliyemaliza ndiye anayetoa mchango, ili mwingine naye akae. Na katika saa nzima ya kuketi, sehemu kubwa ni kimya. Sauti inakuonyesha pa kuangalia, halafu inanyamaza, mnabaki wewe na goti lako linalouma.

Daraja la kufika Marekani lilikuwa Jon Kabat-Zinn, mwanasayansi aliyesomea MIT. Miaka ya 1970 alijifunza chini ya mmoja wa wanafunzi wa U Ba Khin namna ya kupitisha akili mwilini, kiungo kwa kiungo. Mwaka wa 1979 alianzisha kliniki katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Worcester. Aliomba apewe wagonjwa ambao madaktari wameshindwa kuwasaidia: migongo mibovu, maumivu yasiyoisha. Akawapa kaseti ya dakika 45 waende nayo nyumbani. Inaanza na vidole vya mguu wa kushoto, inapanda taratibu hadi kichwani. Hakuna ufuo wa bahari. Ukifika mahali panapouma, unapaangalia hapohapo.

Headspace ilianza London mwaka wa 2010, chini ya Andy Puddicombe aliyewahi kuwa mtawa, na baada yake apu zikamiminika. Yangu ilikuwa mojawapo ya hizo za baadaye. Dakika 45 zikawa 10, 10 zikawa 3. Si kila kilichofupishwa ni kibaya, na mtu wa Githurai hana siku 10 za kukaa kimya. Lakini nilipoipanga safari hii kwenye karatasi, niliona kilichopotea njiani. Mkulima, karani, tajiri na wagonjwa wa Worcester waliongozwa hadi kwenye maumivu yao, kisha wakaachwa wayaangalie. Mimi nilikuwa naongozwa nikimbie, na kila usiku nilihitaji kukimbizwa tena.

Kwa hiyo sasa nikichagua rekodi najiuliza mambo matatu. Anayeongea alijifunza wapi, na kwa nani? Ananyamaza, au anajaza kila sekunde kwa maneno na piano? Na nikizima simu leo, kuna kitu nimejifunza ninachoweza kufanya bila yeye? Rekodi nyingi zinaanguka kwenye swali la tatu. Niliyobaki nayo ni ya bure, dakika 20, mwanamke mwenye mafua kidogo anayesahaulika katikati kwa jinsi anavyokaa kimya.

Nisikudanganye kwamba ilikuwa rahisi. Mara ya kwanza kuelekeza akili kifuani, pale panapobana, nilishikwa na hofu mbaya kuliko ya saa tisa. Nilijifunza kufungua macho, kuweka nyayo kwenye sakafu baridi, kuanza na miguu na kukiacha kifua hadi siku nyingine. Pia nilikwenda kuonana na mshauri nasaha, kwa sababu rekodi haiwezi kukuuliza ulikula lini mara ya mwisho. Yeye aliniuliza, na jibu halikuwa zuri.

Desemba nilikwenda nyumbani. Mama akanikuta nimekaa sebuleni, macho nimefumba.

"Hiyo ni ya dini gani, mwanangu?"

Nikamweleza habari za Goenka, alivyoogopa kitu hichohicho. Alisikiliza akichambua mchele. "Na alibaki Mhindu?" Nikamwambia hakuambiwa abadili dini, na watu wa kila dini huketi kwenye kozi zake. Akasema, "Haya," kwa ile sauti ya mtu ambaye hajakubali lakini hatagombana.

Jioni akawasha redio yake ndogo ya betri, akachukua rozari. Padri anaongoza, yeye anaitikia, kama alivyofanya maisha yangu yote bila mimi kuwahi kusikiliza vizuri. Nilikaa kando yake. Kwenye tendo la tatu betri zikaisha na redio ikazimika. Nilinyanyuka nitafute zingine. Mama akaniashiria kwa mkono nikae, akaendelea peke yake hadi mwisho.