Bima ya Truman, sahihi ya Johnson

Wadau, jana kwenye semina nimebishana mpaka koo likakauka. Wenzangu wanasema Johnson ndiye aliyewaletea wazee wa Marekani bima ya afya, basi, habari imeisha. Nikawaambia ngojeni kwanza jamani.

Novemba 1945, vita imeisha juzi tu, Truman anaiambia Kongresi anataka bima ya afya ya taifa. Chama cha madaktari kikaja juu, eti huo ni ujamaa (kwao neno hilo ni tusi!). Ikafa. Eisenhower wa Republican akaingia 1953, watu wakadhani atafuta yote ya Roosevelt. Wapi! 1954 akapanua pensheni ya uzeeni, ila bima ya Truman hakutaka kuisikia. Kennedy akaipunguza: wazee tu. Seneti ikamkatalia 1962.

Johnson je? Uchaguzi wa 1964 ulikipa chama chake maseneta 68 kati ya 100. Hapo ndipo njia ilipofunguka. Tarehe 30 Julai 1965 akafunga safari mpaka Independence, Missouri, nyumbani kwa Truman, akasaini Medicare mbele ya mzee huyo wa miaka 81.

Na hili silisikii likisemwa sana: hospitali iliyotaka fedha za Medicare ililazimika kuacha kuwatenga wagonjwa weusi. Hela ikafungua wodi ambazo hotuba zilishindwa.

Jamaa mmoja bado kashikilia kwamba sahihi ni ya Johnson. Sawa kaka, na kadi ya kwanza ya Medicare alipewa nani?