Daftari na Gulio: Baraza la Sanaa la Taifa Likitazamwa kutoka Lushoto

Sehemu hii inajadili mipaka ya daftari la usajili kama chanzo cha historia ya sanaa wilayani Lushoto. Mwaka 1974 ziliundwa asasi mbili: Baraza la Sanaa la Taifa na Baraza la Muziki la Taifa. Sheria Na. 23 ya mwaka 1984 iliziunganisha kuwa chombo kimoja, BASATA, chenye mamlaka ya kusajili wasanii na vikundi. Hata hivyo, ufinyanzi wa Washambaa ni kazi ya wanawake, na vyungu huonekana hadharani gulioni, si jukwaani. Mtafiti anayeanzia kwenye daftari atawakuta walioomba kusajiliwa tu. Wanawake hao watatoweka katika historia. Kwa hiyo, utafiti uanzie gulioni ndipo uende ofisini.