Korea na Majirani Wake Wakubwa



Sisi husema kwamba wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Wakorea nao husema kwamba nyangumi wakigombana, uduvi huvunjika mgongo. Methali yao imetokana na mahali walipo: China na Urusi wanapakana nao kwa upande wa kaskazini, na Japani iko ng'ambo ya bahari. Baadaye Marekani nayo ilifika. Historia ya Korea yaonyesha jinsi nchi inavyoweza kupotea kwa mikataba, sawa na ipoteavyo kwa mizinga.

Mwaka 1876 Japani, kwa vitisho vya manowari, iliilazimisha Korea kufungua bandari zake. Mwaka 1882 Korea ilitiliana saini mkataba na Marekani, wenye ahadi kwamba mmoja wao akionewa na dola nyingine, mwenzake atafanya usuluhishi. Lakini maneno ya mkataba huo yalijadiliwa hasa mjini Tianjin, baina ya Li Hongzhang wa China na Robert Shufeldt, afisa wa wanamaji wa Marekani. Mwenye nchi aliletewa hati iliyokwisha kuandikwa.

Hata hivyo, lawama yote si ya wageni. Mwaka 1894 wakulima wa Korea waliokamuliwa kodi waliasi. Badala ya kusikiliza kilio cha raia wake, serikali ya Mfalme Gojong iliita majeshi ya China. Japani nayo ikaleta yake bila kualikwa, na dola hizo mbili zikapigana katika ardhi ya Korea. Japani ilishinda. Oktoba 1895 Malkia Min, aliyeipinga Japani, aliuawa na Wajapani ndani ya jumba lake. Februari 1896 mfalme alikimbilia ubalozi wa Urusi, akatawala kutoka humo kwa muda wa mwaka mmoja. Serikali iliyomwogopa mkulima wake ikawa mgeni katika mji wake yenyewe.

Januari 1904 Korea ilitangaza kutofungamana na upande wowote. Februari majeshi ya Japani yalitua Incheon na kuingia Seoul. Urusi iliposhindwa vitani, mapatano yalifanyika Portsmouth, nchini Marekani, Septemba 1905, kwa upatanishi wa Rais Theodore Roosevelt. Urusi ilikubali Japani iwe na mamlaka juu ya Korea, na Mkorea hakuwamo katika mazungumzo hayo. Novemba mwaka huo Japani ilitwaa mambo ya nje ya Korea, na Marekani ikaufunga ubalozi wake mjini Seoul. Ile ahadi ya 1882 ikabaki karatasi tupu.

Mwaka 1907 Gojong aliwatuma wajumbe watatu kwa siri kwenye mkutano wa amani wa The Hague. Walikataliwa kuingia, kwa hoja kwamba Korea haikuwa tena na mamlaka juu ya mambo yake ya nje. Mmoja wao, Yi Jun, alifia huko. Gojong alilazimishwa kujiuzulu, na Agosti 1910 nchi yake ikamezwa kabisa.

Japani iliposhindwa mwaka 1945, maafisa wawili wa jeshi la Marekani walichora mstari katika latitudo ya 38, na Urusi ya Kisovieti ikaukubali. Wakorea hawakuulizwa. Vita vya 1950 hadi 1953 vilikoma kwa mapatano ya kusitisha mapigano ambayo Korea Kusini haikuyatia saini. Mkataba wa amani haujapatikana hadi leo.

Februari 1972 Rais Nixon wa Marekani alizuru Beijing, na Korea zote mbili zikaona wafadhili wao wakizungumza wao kwa wao. Tarehe 4 Julai mwaka huo zilitangaza kwa pamoja kwamba umoja wa taifa lao utatafutwa kwa amani, bila kutegemea nguvu za nje. Mazungumzo yalivunjika mwaka uliofuata. Leo askari wa Marekani wangali Kusini, na Juni 2024 Kaskazini ilifunga mkataba wa kulindana na Urusi.

Ahadi ya mkubwa hudumu maadamu inamfaa yeye. Tangazo la 1972 halijatimizwa, lakini liliandikwa na Wakorea wenyewe, na hapo ndipo amani yao itakapoanzia.