Kamukunji Walishafanya Huu Mtihani

Ukitaka kushinda pesa za startapu Nairobi siku hizi, weka maneno "uchumi wa mzunguko" kwa slaidi ya kwanza. Slaidi ya pili weka picha ya Dandora: mtoto amebeba gunia, makorongo wamesimama nyuma yake. Ya tatu weka duara la kijani lenye mishale. Majaji watatikisa kichwa, utapewa hundi kubwa ya kadibodi, mtapigwa picha, kila mtu aende nyumbani.

Sisemi hivi kwa wivu. Tangu niache chuo, kazi moja inayonilipia kodi ya nyumba ni kushuti video za hafla kama hizo, kwa hivyo nimesimama nyuma ya kamera nikisikiliza mawazo mengi yakinadiwa. Maswali ya majaji ni yale yale. Wazo ni jipya? Soko ni kubwa kiasi gani? Litaokoa tani ngapi za kaboni? Linaweza kufika nchi ngapi? Sijawahi kusikia hata mmoja akiuliza: hii kitu ikivunjika Kayole saa mbili usiku, nani ataitengeneza na kwa pesa ngapi?

Na hilo ndilo swali ambalo historia yetu imekuwa ikijibu kwa zaidi ya miaka 50. Hebu turudi nyuma kidogo.

Wazo lenyewe kwa vitabu si la juzi sana. Mwaka wa 1966 mwanauchumi Kenneth Boulding aliandika kwamba tuifikirie dunia kama chombo cha angani: hakuna nje ya kutupa taka, hakuna duka la kuongeza mali. Neno likapata umaarufu kwa makampuni makubwa baada ya Ellen MacArthur, yule Mwingereza aliyezunguka dunia peke yake kwa mashua, kuanzisha wakfu wake mwaka wa 2010. Sasa liko kila mahali.

Lakini hapa nyumbani kitendo kilitangulia neno. Tairi la gari likiisha barabarani lilikatwa likawa akala. Mkebe wa bati ukawa koroboi. Pipa la mafuta likanyooshwa kwa nyundo likawa karai, jiko, sanduku la kuendea bweni. Ukipita Kamukunji leo, ile kelele ya nyundo utaisikia kabla hujaona fundi hata mmoja. Hawa watu waliitwa jua kali kwa sababu hawakuwa na paa. Walipigia chuma kwenye jua, basi.

Na waliopaswa kuwapima waliwapimaje? Kwa miaka mingi, kwa rungu. Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya, moja ya ripoti zilizoeneza neno "sekta isiyo rasmi" duniani. Ilisema kitu ambacho serikali haikuzoea kusikia: hawa watu si wavivu wanaongoja kazi, wanazalisha, na shida yao kubwa mojawapo ni serikali yenyewe kuwasumbua badala ya kuwasaidia. Ilichukua mpaka 1985 ndipo Rais Moi akawatembelea mafundi wa Kamukunji na kuagiza wajengewe vibanda. Sera rasmi ya serikali kuhusu jua kali ikaja 1992. Hesabu mwenyewe. Kutoka ripoti hadi sera ni miaka 20, na muda wote huo akala zilikuwa zinauzwa.

Sasa angalia jinsi akala ilivyopimwa na mnunuzi. Msee anaichukua, anaikunja, anavuta kamba, anaangalia misumari, wanabishana bei, anavaa, anaenda. Kamba ikikatika kesho, anarudi. Fundi yuko palepale, hana pa kujificha. Hiyo ndiyo tofauti kubwa ninayoiona kati ya Kamukunji na ukumbi wa hoteli: aliyepima anarudi. Jaji wa mashindano akishampa mtu alama 9 kwa 10, harudi. Mwaka ujao anapima wengine.

Mfano ambao ningependa kila mtu wa startapu ausome ni lile jiko la makaa ambalo labda liko kwenu hata sasa. Zamani jiko la mjini lilikuwa la bati tupu. Joto lilitokea pembeni, makaa yakaisha haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa wa nishati mbadala wa 1981, wataalamu, mashirika na mafundi wa hapa walikuwa wanatafuta jiko bora. Waliangalia jiko la ndoo kutoka Thailand, lenye udongo wa kuchoma ndani. Kwa karatasi lilikuwa zuri. Lakini wakilileta hivyo hivyo lilikuwa na shida zake, na matoleo ya kwanza hapa yalipasuka au yakatengenezwa vibaya.

Kilicholiokoa ni kwamba halikuachwa maabara. Wanawake waliolipikia walisema lililowakera, mafundi wakabadilisha. Umbo likawa lile tunalolijua: limebanwa katikati, pana juu na chini, udongo uko sehemu ya juu tu. Fikiria mtu anayesonga ugali wa watu wanane. Jiko likiyumba, ni sufuria na maji moto miguuni. Mwili wake ulitengenezwa kwa chuma cha mapipa ya zamani. Udongo ukipasuka, unanunua udongo mwingine, chuma kinabaki. Na hakuna aliyeweka kufuli ya kisheria kwa muundo ule, kwa hivyo fundi yeyote angeweza kuuiga. Wengi waliiga vibaya, wakakimbiwa na wateja. Walioiga vizuri walishindana mpaka bei ikashuka. Jiko likaenea mijini kote Kenya, muundo ukavuka mipaka mpaka Uganda, Rwanda, hata Senegal.

Sasa lipeleke jiko hilo kwa majaji wa leo. Jipya? Hapana, limetoka Thailand. Limelindwa lisiigwe? Hapana, kila mtu anaiga. Mwanzilishi ni nani tumpige picha? Ni mafundi, akina mama na mashirika kadhaa. Lingetoka raundi ya kwanza, sindio?

Mfano wa pili ni chupa ya soda ya glasi. Wale wa umri wangu tumeikuta ikiwa inaondoka. Ulitumwa dukani na chupa tupu mkononi, kama huna chupa unaacha pesa ya chupa au unakunywa hapo hapo. Hakuna aliyekufundisha mazingira. Chupa ilikuwa na bei, kwa hivyo mtoto aliirudisha, mwenye duka aliipanga kwa kreti, gari lililoleta soda likaondoka na tupu. Kila mkono kwenye mnyororo ulikuwa na sababu ya kupitisha chupa kwa mkono unaofuata. Kisha ikaja chupa ya plastiki. Ni nyepesi, haivunjiki, unatembea nayo. Lakini ukimaliza kunywa haina mwenyewe. Jukumu lililokuwa la kampuni liliteleza polepole mpaka likaangukia mtu mwenye gunia, anayelipwa kwa kilo. Watu walewale, kiu ileile, ila mzunguko ulikatika mahali pesa ya chupa ilipotoka. Kwa hivyo mtu akikuambia shida ya taka ni "tabia ya Wakenya", mwambie tabia hiyo tulikuwa nayo. Iliondolewa.

Mfano wa tatu ni karatasi za nailoni. Serikali ilijaribu kupiga marufuku zile nyembamba mwaka wa 2007, ikashindwa. Ikajaribu tena 2011, ikashindwa. Tarehe 28 Agosti 2017 ikapiga marufuku mifuko yote ya plastiki ya kubebea, na adhabu ikawa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Safari hii ilishika. Kuna wasee huwa wanasema tungeipa karatasi ile nafasi ya kurejelezwa. Lakini waulize waliookota Dandora. Karatasi ni nyepesi mno na chafu, unahitaji rundo zima kupata kilo moja, na hiyo kilo haikulishi. Ule mzunguko haungeweza kukamilika, hata uuchore kwa rangi gani. Wakati mwingine jibu la kipimo ni "acha kutengeneza hiyo kitu."

Hata hapo kulikuwa na swali ambalo wengi waliolipigia makofi katazo hawakuuliza. Sehemu za Kibera karatasi ndiyo ilikuwa choo cha usiku, kwa sababu choo kiko mbali na giza lina watu wake. Ukiondoa karatasi bila kuleta choo, mzigo haujaisha. Umeuhamishia kwa msichana anayengoja kupambazuke.

Najua mtu atasema: kumbe unataka kusema mtaa huwa sahihi, soko likikubali basi ni nzuri? Zii. Tuongee kuhusu mitumba.

Hakuna wazo la kutumia kitu mara ya pili ambalo Kenya imelikubali kuliko mitumba. Nguo imevaliwa Ulaya au Marekani, imefika Mombasa kwa robota, imefunguliwa Gikomba, na mimi naandika hii nikiwa nimeivaa. Imesomesha watoto wengi sana. Lakini kila anayefungua robota anajua kuna kamera, zile za kwanza kuchaguliwa, na kuna fagia, zile za mwisho ambazo hata kwa shilingi 10 hazisongi. Fagia huishia Mto Nairobi na Dandora. Kwa vitabu vya mtu aliyetoa nguo kule ng'ambo, ile nguo "imepata maisha mapya." Na viwanda vyetu vya nguo, kama Kicomi ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret, vilianguka vikiwa na matatizo mengi: usimamizi mbovu, gharama, soko kufunguliwa miaka ya 1990, na mitumba pia ikiwemo. Kwa hivyo kukubalika ni nusu ya mtihani. Nusu nyingine ni kuuliza duara linaishia kwa mto wa nani.

Nikiweka hii historia yote pamoja, naona maswali manne ambayo yangefaa kukaa juu ya karatasi ya kila jaji kabla ya lile la "wazo ni jipya?"

Kwanza, mfadhili akiondoka Ijumaa, nani ana sababu ya kuamka Jumatatu aendelee? Chupa ya soda ilikuwa na jibu. Pili, fundi wa karibu anaweza kuitengeneza na hata kuiiga? Jiko lilikuwa na jibu. Tatu, kazi ya ziada inaangukia nani: nani ataosha, atapanga, atabeba, atatembea mbali? Mara nyingi ni mama au msichana, na mara nyingi muda wao haujaandikwa popote kwenye bajeti. Nne, kinachobaki mwishoni, ile fagia, kinaenda wapi, na wanaoishi hapo waliulizwa?

La nne ndilo linalonifanya nisilale vizuri. Makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, yako Gigiri. Tarehe 2 Machi 2022, hapo hapo, nchi za dunia zilikubaliana kuanza kuandika mkataba wa kumaliza uchafuzi wa plastiki. Mwaka huo huo Kenya ikapitisha sheria ya usimamizi endelevu wa taka, inayotaka taka zitenganishwe kuanzia nyumbani. Vitu vizuri. Lakini Januari ya mwaka huo huo, baada ya umeme kupotea nchi nzima na lawama kuelekezwa kwa wizi wa vyuma vya mitambo, serikali ilisimamisha biashara yote ya vyuma kuukuu. Wizi ulikuwa wa kweli, sibishi. Ila aliyeiba mnara wa stima na mzee anayesukuma mkokoteni akiitisha masufuria yaliyotoboka walifungiwa kazi siku moja, kwa tangazo moja, mpaka miezi baadaye ikaruhusiwa tena.

Na Dandora, jaa lililofunguliwa miaka ya 1970, kila miaka michache kunazungumzwa mpango mpya: kuhamisha, kufunga, kuchoma taka ziwe umeme. Labda mmoja wao ni mzuri. Lakini kuna maelfu wanaokula kwa kuokota hapo. Wao ndio uchumi wa mzunguko wenyewe, tayari, bila slaidi, na tunawaita machokora. Mpango wowote unaohesabu tani za taka bila kuwahesabu unajenga mzunguko kwa kuwatoa wanaouzungusha.

Wengi wenu mnaosoma hii mna wazo. Nawajua, mnaniandikia: matofali ya plastiki, makaa ya maganda, mifuko ya magunia. Sitaki muache. Nataka kabla ya kulipeleka kwa ukumbi wenye kiyoyozi mlipeleke kwa fundi mmoja, mama mboga mmoja na mtu mmoja wa gunia. Muwaachie hiyo kitu wiki mbili, bila kuwalipa wawasifu. Halafu mrudi. Wakiwa bado wanaitumia, niite nije nishuti bure. Wakiwa wameifanya kigoda cha kukalia, hiyo pia ni ripoti, na haijawahi kuandikwa ya ukweli kuliko hiyo.