Asiyekuwapo na Lake Halipo: Habari za Hoja na Baraza la Jiji la Nairobi

Katika mkutano mkuu wa chama wa mwaka huu, mzee wetu mmoja alisimama akauliza swali ambalo halikupata jibu hata mkutano ukafungwa. Alisema: "Mwatutaka tutie sahihi karatasi, karatasi zapelekwa mjini, na maji machafu yangali yapita mlangoni kwetu. Karatasi hizi zatufaa nini?" Swali hilo ni la haki. Barua tuliyoandika juu ya mtaro wa mtaa wetu ilipokelewa katika ofisi moja, ikapigwa muhuri, na tulipoifuata tukaambiwa kwamba haionekani. Basi wanachama wamegawanyika. Wako watakao tupeleke ombi rasmi mbele ya Bunge la Kaunti, na wako wasemao tuache mambo hayo, fedha za chama zitumike kwa misiba na karo za watoto peke yake.

Halmashauri ya chama imetuagiza sisi wa ofisi ya katibu tuandike kurasa chache za historia, ili wanachama watakapopiga kura wapige wakijua yaliyotangulia. Mengi ya haya yalitendeka kabla hatujazaliwa, nasi twawaomba radhi wazee ikiwa tunawasimulia wanayoyajua kuliko sisi.

Kwanza yafaa tueleze hoja ni kitu gani, maana wengi hulitumia neno hilo kwa maana ya maneno matupu. Katika baraza la mji hoja ni jambo ambalo mjumbe ametoa taarifa yake mapema, likaandikwa katika ajenda, na siku yake ilipofika akasimama kulieleza. Mwenziwe huliunga mkono. Asipopatikana wa kuliunga mkono, jambo hilo hufa palepale. Likiungwa mkono hujadiliwa, na mjadala ukiisha kura hupigwa, na karani huandika matokeo katika kumbukumbu. Kazi kubwa zaidi hutendeka ndani ya kamati, kama vile kamati ya fedha, ya nyumba, au ya afya, ambamo jambo hupimwa na gharama zake huhesabiwa. Jambo lisilotengewa fedha, hata likipita kwa kura zote, hubaki maandishi. Kwa hiyo atakaye kujua mji unavyotawaliwa na aulize maswali matatu: ni nani aliyeketi mezani, ni jambo gani lililoandikwa, na ni fedha gani zilizotengwa.

Sasa tutazame Nairobi. Reli ilifika hapa mwaka 1899, na mwaka 1900 zikatangazwa kanuni za mji na kamati ya kuusimamia ikawekwa. Mwaka 1902 tauni ilizuka, nayo madukani kwa Wahindi kukachomwa moto kwa amri ya wakubwa. Mwaka 1913 mtaalamu wa afya, Profesa W. J. Simpson, alishauri kwamba mji ugawanywe kwa mataifa, kila watu na sehemu yao. Mwaka 1919 Nairobi ikawa Manispaa yenye baraza. Kwa miaka mingi Wazungu na Wahindi walishindania viti vya baraza hilo, hata serikali ikaunda tume chini ya Bwana Richard Feetham, na sheria mpya ya manispaa ikatoka mwaka 1928. Katika ushindani huo wote Mwafrika, ambaye ndiye aliyekuwa mwingi mjini, hakuwa na kiti hata kimoja.

Basi mambo yetu yaliamuliwaje? Yaliamuliwa kwa utaratibu uleule wa hoja, lakini sisi hatukuwapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Pumwani ilitengwa kuwa mahali pa Waafrika, na vijiji vya zamani kama Maskini na Kaburini vikavunjwa. Manispaa ilijitwalia peke yake haki ya kutengeneza na kuuza pombe ya kienyeji huko Pumwani, na faida yake ikawekwa katika mfuko wa kugharimia mambo ya Waafrika. Mtu alikatazwa kupika pombe nyumbani, akanywe ya Manispaa, kisha akaambiwa kwamba ukumbi na huduma nyingine anazozipata zimetoka katika senti zake mwenyewe alizoziacha kilabuni. Kariokor, mtaa uliopewa jina kwa kuwakumbuka wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, ulijengwa kwa mabweni, kwa dhana kwamba Mwafrika ni mfanyakazi wa kupita, asiye na mke wala watoto mjini.

Pangani ndiyo iliyoumiza watu zaidi. Kilikuwa kijiji cha watu wenye nyumba zao wenyewe, wengi wao Waislamu, na wanawake wengi miongoni mwao, waliojenga kwa jasho lao na kuishi kwa kodi za wapangaji. Kilivunjwa mwaka 1938 na 1939. Wenye nyumba walipewa nafasi Shauri Moyo, katika nyumba zilizojengwa na Manispaa, wala hawakuwa tena wenye nyumba kama zamani. Walilalamika, wakapeleka wajumbe, wakaandika. Lakini mezani walipokata shauri hapakuwa na mmoja wao wa kupiga kura.

Twataka wanachama waliangalie jambo hili kwa makini. Hatuwezi kusema kwamba mambo hayo yalitendwa ovyo. Yaliandikwa, yakaungwa mkono, yakatengewa fedha. Utaratibu ulikuwa kamili. Walioketi ndio waliokuwa upande mmoja.

Marehemu Tom Mboya, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji la Nairobi, alisimulia kisa kinachofunua hali ile. Siku moja alikuwa ofisini akipima maziwa, akaingia mwanamke wa Kizungu, akatazama huku na huku, akauliza kama hapakuwa na mtu. Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Alimjibu kwa adabu akimwuliza kama macho yake yana dosari. Ofisi ile ilikuwa ya Baraza, na maziwa yale yalipimwa kwa ajili ya afya ya mji mzima, hali yule aliyeipima afya hiyo hakuhesabiwa kuwa mtu.

Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, Waafrika wachache walianza kuingia katika baraza. Hawakuchaguliwa na watu, waliteuliwa. Hapo palizuka ugomvi ambao wazee wetu wanaukumbuka. Wako waliosema: kiti kimoja ni bora kuliko kukosa, maana aliyemo ndani husikia na kusema. Wengine walisema: kiti cha kupewa ni kamba ya shingoni, maana hoja zetu zitashindwa kwa wingi wa kura, kisha tutaambiwa kwamba tulikuwapo. Mwaka 1950 ugomvi huo ulifika kileleni. Siku ya 30 Machi mwaka huo Nairobi ilipewa hati ya kuwa jiji, iliyoletwa na Mtawala wa Gloucester. Vyama vya wafanyakazi viliwataka Waafrika wasusie sherehe hizo, na watu wengi walihofu kwamba mipaka ya jiji itapanuliwa na kumeza ardhi za jirani. Diwani Muchohi Gikonyo, aliyekuwa upande wa kushiriki, alifyatuliwa risasi mwaka huo, akaokoka.

Wenzake hawakuokoka. Tom Mbotela, diwani na kiongozi katika chama cha KAU, aliuawa Nairobi mwezi Novemba 1952. Ambrose Ofafa, diwani na kiongozi wa Luo Union, aliuawa mwaka 1953. Leo twapanda gari twamwambia utingo atushushe Mbotela au Ofafa, wala hatufikiri kwamba tunataja majina ya watu walioketi katika baraza la mji huu na kufa katika siku za machafuko. Hatuandiki haya ili tuwahukumu waliosusia au walioketi. Waliosusia walijua kwamba sauti isiyo na kura haitoshi, na wakati ulithibitisha neno lao. Walioketi walijua kwamba asiyekuwapo na lake halipo, na wakati ulithibitisha hilo pia. Twaona kwamba pande zote mbili zilikuwa zikitafuta kitu kimoja.

Mwaka 1962 Bwana Charles Rubia akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi. Mwaka 1970 Bibi Margaret Kenyatta akashika cheo hicho, mwanamke Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa jiji letu. Njia zikapewa majina mapya. Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue. Wengi walidhani kazi imekwisha. La, haikuwa imekwisha. Mwaka 1983 serikali ililivunja baraza, ikaweka tume ya kuuendesha mji, na kwa karibu miaka 10, mpaka uchaguzi wa 1992, wakazi wa Nairobi hawakuwa na diwani wa kumwendea. Waliokaa mjini wakati ule wakumbuka kwamba mitaro haikungoja tume, iliendelea kuziba. Twajifunza hapa kwamba meza yaweza kuondolewa hata na mikono ya nyumbani, ikiwa wenyewe hawailindi.

Siku hizi mambo yamepangwa kwa namna nyingine. Katiba ya 2010 ilileta kaunti, na tangu mwaka 2013 kazi za lile baraza la jiji ziko chini ya Kaunti ya Nairobi, yenye Bunge lake na wadi 85, kila wadi na mwakilishi wake aliyechaguliwa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 15, yampa kila mtu haki ya kupeleka ombi katika Bunge la Kaunti juu ya jambo lolote lililo katika mamlaka yake. Tena Katiba, kifungu cha 196, yaagiza kwamba Bunge hilo lifanye mikutano yake mbele ya watu na kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Wenye nyumba wa Pangani hawakuwa na haki hizo. Lau wangekuwa nazo, hatujui kama Pangani ingeokoka, lakini wasingalipitwa kama watu wasiokuwapo.

Sasa tunarudi kwa swali la mzee wetu. Karatasi yetu ya kwanza haikutufaa kwa sababu ilikuwa barua kwa ofisi, haikuwa ombi kwa Bunge. Barua hutegemea hisani ya aliyeipokea. Ombi likipelekwa kwa karani wa Bunge kwa utaratibu wake, huingia katika kazi za Bunge wenyewe, nalo lina mahali pa kuulizwa. Hatusemi kwamba litashinda. Laweza kukwama katika kamati, laweza kukosa fedha. Ndiyo sababu mwakilishi wetu wa wadi yapasa aende akijua kwamba nyuma yake wako watu watakaoketi katika baraza la wageni kumsikiliza, na watakaouliza mwaka ujao katika makadirio ya fedha mtaro wetu umeandikiwa nini.

Kwa hiyo ofisi hii yapendekeza mambo matatu: ombi liandikwe upya kwa jina la chama na kutiwa sahihi na wanachama wote, nakala yenye muhuri wa kupokelewa ihifadhiwe katika sanduku la chama, na watu watano wateuliwe, wawili wao wakiwa wazee, kulifuatilia kila mwezi na kuleta habari katika mkutano. Gharama yake ni nauli na karatasi tu, wala haitagusa mfuko wa misiba. Halmashauri itawaita mpige kura. Twawasihi mhudhurie, hata ninyi mtakaopinga, kwa maana kura ya kupinga nayo huandikwa.