Nachingwea, Ruangwa na Kompyuta ya Chuo Kikuu

Kuunganika na kompyuta ya chuo kikuu kutoka nyumbani ni kuifanya mashine iliyo mbali itii amri inayoandikwa hapa. Kompyuta ya nyumbani hugeuka kibodi na kioo tu. Mafaili, rekodi na mahesabu hubaki kwenye seva ya chuo. Kwa wilaya za Nachingwea na Ruangwa, bara ya mkoa wa Lindi, zaidi ya kilomita 500 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, historia ya jambo hili kwa sehemu kubwa ni historia ya njia: posta, barabara, waya, mnara. Mashine zilikuwapo zamani. Njia ndiyo iliyochelewa.

Jaribio la kwanza linalojulikana lilifanyika Marekani Septemba 1940, pale George Stibitz alipotumia mashine ya kuchapa iliyofungwa kwenye waya wa simu, akiwa chuo cha Dartmouth, kuiagiza mashine ya kukokotoa iliyokuwa New York. Umbali huo unakaribiana na ule wa Nachingwea na Dar es Salaam ukipimwa kwa mstari ulionyooka. Katika miaka ya 1960 vyuo vya Marekani vikaanza kugawana kompyuta moja kubwa kati ya watumiaji wengi, kila mmoja na terminali yake ya kuandikia amri. Mwaka 1969 ulipoanza mtandao wa ARPANET, ikaja Telnet, utaratibu wa kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa maandishi matupu.

Tanzania haikuwa nyuma sana mwanzoni. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Lakini mfumo huo ulileta hasara na vurugu katika hesabu za serikali, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Uamuzi huo ulieleweka kwa nchi yenye uhaba wa fedha za kigeni, ila gharama yake ilikuwa kubwa: katika miaka ile ile ambayo vyuo vya nje vilikuwa vinazoea terminali, wasomi wa Dar es Salaam walilazimika kuomba kibali cha mashine moja moja.

Nachingwea ilikuwa na historia yake ya kuunganishwa na kuachwa. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, uliiletea uwanja wa ndege na reli ya kwenda pwani. Mradi ukavunjika mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa, mataruma yakang'olewa. Kuanzia hapo mji ukategemea barabara za vumbi ambazo masika huzikata, na safari ya Dar es Salaam ikategemea kivuko cha Rufiji hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003.

Ndiyo maana kwa miaka mingi elimu ya mbali huku ilikuwa kusoma kwa posta. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha masomo ya namna hiyo tangu miaka ya 1970: kijitabu kinakuja kwenye bahasha, majibu yanarudi kwenye bahasha, masahihisho yanasubiriwa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 na kuanza kazi Machi 1993 chini ya Profesa Geoffrey Mmari, kikaupeleka utaratibu huo hadi ngazi ya shahada. Kwa mwalimu wa sekondari ya Ruangwa, au mkufunzi wa Chuo cha Ualimu Nachingwea, hii ilikuwa nafasi ya kusoma bila kuacha kazi wala familia. Kituo cha mkoa kilikuwa Lindi mjini, na huko ndiko mtu alikofuata vitabu, ratiba na mitihani. Chuo Huria kinastahili heshima kwa hili: kiliwafikia watu wa kusini kabla mtandao haujawafikia.

Intaneti ilipoingia Tanzania katikati ya miaka ya 1990, ilikaa Dar es Salaam na miji michache. Njia yake ya kutoka nje ya nchi ilikuwa setilaiti, na hapa kuna jambo la kiufundi linaloeleza taabu yote ya kipindi kile. Setilaiti za mawasiliano za aina hiyo hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ishara ikipanda na kushuka, kisha jibu likapanda na kushuka, nusu sekunde imekwisha. Kwenye Telnet, herufi mtu aliyoibonyeza huonekana kiooni baada ya kompyuta ya mbali kuipokea na kuirudisha. Kwa hiyo mtumiaji alibonyeza, akasubiri, akaona. Akikosea, alifuta kwa mwendo ule ule. Ajabu zaidi, kabla kituo cha kubadilishana data cha Dar es Salaam hakijaanza kazi mwaka 2004, mawasiliano kati ya wateja wa kampuni mbili za intaneti nchini humo humo yalipitia Ulaya au Marekani. Data ilivuka bahari mara mbili ili ifike mtaa wa pili.

Usalama nao ulikuwa tatizo. Telnet husafirisha nywila waziwazi, na yeyote aliyetega njiani anaweza kuisoma. Mwaka 1995, baada ya nywila kuibwa kwenye mtandao wa chuo chake cha Helsinki, Tatu Ylönen wa Ufini alitunga SSH, inayofunga mazungumzo yote kwa fumbo. Kwa mwanafunzi anayetumia intaneti kafe, kwenye kompyuta iliyopita mikononi mwa watu wengi, ulinzi wa njia ni nusu tu ya kinga. Nusu ya pili ni kukumbuka kutoka kwenye akaunti kabla ya kuinuka.

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa nyaya za baharini. SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza kusambaza uwezo huo mikoani, Lindi na Mtwara zikiwemo. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, umekuwa ukichangia gharama za minara pale kampuni za simu zinapoona hakuna faida. Kwa nyumba nyingi za Ruangwa na Nachingwea, waya wa intaneti haukuwahi kufika mlangoni. Kilichofika ni simu: mtu ananunua bando, anawasha hotispoti, kompyuta inaunganika kupitia simu, na kutoka hapo anaingia kwenye seva ya chuo.

Nguvu ya mnara ndiyo inayoamua kazi gani itawezekana. Kuna programu zinazoleta kioo kizima cha kompyuta ya mbali, na madirisha yake na kishale chake. Hizo hutuma picha mfululizo, hula bando upesi, na pale simu inapoonyesha herufi E, alama ya mtandao wa polepole, hukwama. SSH hutuma maandishi tu. Herufi moja na vifungashio vyake haizidi sana baiti mia moja. Mtafiti mwenye mtandao dhaifu anaweza kuagiza seva ikokotoe takwimu usiku kucha, akazima kompyuta yake kulinda betri, na asubuhi akachukua jibu. Utaratibu wa kale, basi, ndio unaofaa zaidi vijijini, na vyuo hukosea vinapouacha kwa kuvutiwa na mifumo ya picha.

Wanafunzi wengi hawahitaji hata hilo. Chuo Huria kimeweka masomo kwenye jukwaa la mafunzo la Moodle na rekodi za wanafunzi kwenye mfumo wa SARIS, na vyote hufunguka kwa kivinjari cha kawaida. Machi 2020 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa, alipotangaza kufungwa kwa vyuo kwa sababu ya korona, wanafunzi wa vyuo vya kawaida walirudi makwao na kujikuta katika hali ambayo wenzao wa Chuo Huria waliizoea. Vyuo vilifunguliwa tena Juni mosi mwaka huo huo.

Njia bado si imara. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kwa wakati mmoja, na intaneti ya Tanzania ikazorota kwa siku kadhaa. Chuo kinachoweka seva zake ndani ya nchi, kikabakiza mlango wa maandishi kwa wenye mtandao dhaifu na kuruhusu masomo yapakuliwe na kusomwa bila intaneti, kitamhudumia mwanafunzi wa Nachingwea hata nyaya hizo zikikatika tena.